Nyasi za Chini ya Tuta

1

Mlaji alikuwa na tabia ya kutaja chakula chake kabla ya kukimeza, na Eustakia Kinunda alikuwa na tabia ya kumjibu. Watu wa Ngalundu walishawazoea. Ukipita karibu na banda la mtambo asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, ungesikia sauti nzito ya kivivu, kama ya mwanaume aliyetoka kushiba, ikisema, "Magunzi. Makavu," na mama wa watu akiitikia kwamba ndiyo, ameyaanika mwenyewe, ale anyamaze. Bosko, mumewe, alipenda kuwaambia wenzake kuwa yeye ndiye mwanaume pekee katika Umatengo nzima anayeishi uke wenza: mkewe ana bwana wa pili, wa chuma, na huyo ndiye anayepakuliwa kwanza.

Haya, na huyo bwana wa chuma alistahili kupakuliwa kwanza. Tangu gridi kuu izimike moja kwa moja, enzi za wazazi wao, kila mlima uliishi kwa moto wake wenyewe, na moto wa Ngalundu ulikuwa tumboni mwa Mlaji. Alikuwa pipa la chuma refu kama mnara wa kanisa. Walimtia makaa ya mawe yaliyoletwa kwa viti vya waya, vinavyoning'inia na kupita juu ya bonde, kutoka mgodi wa ng'ambo, pamoja na mabaki ya mashamba, vyote vimesagwa na kuchanganywa. Humo ndani havikuachwa viwake. Vilipewa hewa kiduchu na mvuke, joto likapanda, na badala ya kuwa moshi na majivu tu vikatoa gesi. Gesi hiyo ndiyo iliyopikia ugali wa Ngalundu, iliyozungusha jenereta, iliyokausha kahawa hata wakati wa ukungu, na joto lililobaki likachemsha maji yaliyopita kwenye bomba hadi majumbani.

Mamlaka ya Moto ilikuwa imempa Eustakia cheo kirefu cha kukatisha pumzi. Kijijini aliitwa mpishi, na hicho ndicho alichokipenda. Maana kazi yenyewe ilikuwa upishi kabisa. Makaa peke yake ni mavivu, yanachelewa kutoa gesi. Ukiyachanganya na mabua au maganda ya kahawa yanachangamka, kwa sababu mimea ina ile chumvi ya majivu ambayo bibi zetu waliichuja wakaungia mboga. Chumvi ikipungua, Mlaji anakuwa goigoi. Ikizidi, majivu yanayeyuka na kugandamana tumboni, mnashinda mkiyapasua kwa mtalimbo huku kijiji kizima kinalala gizani na kukutukana. Kupima kati ya hayo mawili ndiko kulikomfanya Eustakia aamke kila siku akiwa na hamu ya kwenda kazini, jambo ambalo si kila mtu mwenye umri wake angeweza kulisema.

Kilichomkosesha raha ni Kanuni. Kila mwaka Mamlaka ilipunguza makaa kwenye mseto, kwa ajili ya hewa ya watu wote, na hakuna aliyebisha kwamba ilikuwa haki. Mwaka ule makaa hayakutakiwa kuzidi theluthi ya chakula cha mtambo. Kijiji kitakachoshindwa, mtambo wake unafunguliwa vipande vipande na kupelekwa mahali penye mabaki ya kutosha. Mkaguzi angefika kabla ya Pasaka. Eustakia alikuwa amekusanya magunzi, mabua, mashina ya maharage, maganda ya kahawa ya vijiji vya jirani, hata maboksi ya dukani, na bado makaa yalikuwa karibu nusu.

Asubuhi hiyo viti vya waya vilishusha mizigo kutoka mashambani, mmoja baada ya mwingine. Mlaji akapitisha ulimi wake, bamba la shaba lenye joto lililoonja kila kitu.

"Nyasi," akasema. Akaonja tena. "Nyasi. Nyasi. Makaa yameshuka hadi theluthi."

Eustakia alidhani amesikia vibaya. Akasoma kioo cha vipimo, akasoma tena, halafu akapiga kigelegele peke yake bandani hadi kuku waliokuwa mlangoni wakatimka. Theluthi! Akaona mkaguzi akija na kuondoka, akaona taa zikiwaka mwaka mwingine. Alikuwa bado anacheka wakati Mlaji alipoongeza, bila kuulizwa, "Hazijachanua."

Kicheko kikaishia hapo.

Nyasi za kando ya barabara hukatwa zikishachanua na kukauka, hakuna anayejali. Kwenye milima ile kuna nyasi za aina moja tu zinazokatwa kabla ya kuchanua, makusudi, ili mbegu zake zisije kuota katikati ya maharage. Ni nyasi za ngoro, kilimo cha mashimo na matuta cha milima ile. Na za ngoro haziletwi mtamboni. Zinalala chini ya tuta.

Akajiambia labda ulimi umekosea. Lakini ulimi haukuwa na kawaida ya kukosea, na yeye ndiye aliyeusafisha jana yake. Alipohakikisha moto umetulia, alivua aproni, akachukua njia ya shambani.

2

Anayeuona mlima wa Wamatengo kwa mara ya kwanza husema ni sega la nyuki. Mteremko mzima umejaa mashimo, yamepangana, kila shimo limezungukwa na matuta pande nne. Mvua ikinyesha, maji hayapati nafasi ya kukimbia; kila shimo linashika fungu lake, na udongo unabaki ulipo. Lakini kinacholishikilia tuta ni nyasi zilizo ndani yake. Zamani wanaume walizikata, wakazianika, wakazipanga chini kwa mistari inayokatana, kisha wanawake wakachota udongo wa katikati na kuzifukia. Nyasi zinaoza taratibu, zinalisha maharage, halafu mahindi. Kazi ya kufukia ilikuwa ya kuvunja mgongo. Ndiyo maana fuko walipoletwa, zile mashine ndogo za kuchimba zenye ukubwa wa mbuzi, hakuna mwanamke aliyetoa chozi. Wanaume waliendelea kupanga nyasi, fuko wakafukia. Wanawake wakapata muda wa kupumua, wengine wakapata kazi kama ya Eustakia.

Alisimama kwenye shamba lao yeye na Bosko, akakanyaga tuta. Tangu utotoni mguu wake uliijua ngoro. Tuta lenye nyasi hukusukuma kidogo, kama godoro jipya. Hili lilimmeza mguu hadi kwenye kifundo.

Akapiga magoti akafukua kwa mikono. Udongo. Akafukua zaidi. Udongo, na chini kabisa utando mwembamba wa nyasi usiojaza kiganja, umewekwa kwa ajili ya kumdanganya anayetazama kwa mbali. Akahamia tuta la pili, la tatu. Yote yalikuwa hivyo hivyo. Pembeni fuko mmoja alikuwa anafukia kwa bidii mstari usio na kitu. Fuko hakuambiwa aangalie kilichopo chini. Aliambiwa afukie, na alifukia vizuri sana.

Eustakia aliogopa, wala hakuona aibu kuogopa. Mbegu za maharage zilikuwa zimeshapandwa, na mvua kubwa zilikuwa bado hazijaja.

Akiwa anarudi alipita kwa mama mkwe wake, Bibi Kandida, ambaye nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye bomba la maji ya moto. Alimkuta kibarazani, miguu ndani ya beseni linalofuka mvuke, macho yamefumbwa kwa starehe. Bibi huyu alikuwa shabiki wa Mlaji kuliko mtu yeyote. Alimtumia salamu. Aliwahi kumwombea misa.

Eustakia alimwamkia, akakaa, akamweleza alichokiona. Alitegemea bibi aruke kwa hasira, maana aliufukia mlima huo ujana wake wote. Bibi Kandida hakuruka. Akasema alikuwa anajua. Wanaume wamekata shauri wenyewe kwenye sengu, kikao chao cha ukoo, wapunguze nyasi za tuta ili Mlaji apate kushiba, na yeye haoni ubaya.

"Mkamwana," akasema, "mimi nimechutama mbele ya mafiga mpaka macho yakawa mekundu. Nimekohoa moshi miaka na miaka. Sasa nafungua koki, magoti yananyooka. Huo mlima ulikuwepo kabla yetu, hautaenda popote. Magoti yangu ndiyo yanayoenda."

Eustakia aliyajua yale magoti. Aliyakanda kwa mikono yake kabla bomba halijafika.

Eustakia alimkuta Bosko nyuma ya nyumba yao akinoa fyekeo. Walikuwa wameishi vizuri, wawili hawa, kwa utani mwingi na ugomvi kidogo, na kwa sababu hiyo Eustakia hakujua aanze vipi. Mwishowe alimwekea mkononi zile nyasi chache alizotoka nazo shambani. Bosko alizitazama, akaacha kunoa.

"Nani alianza?" Eustakia akauliza.

"Mimi." Hakuzungukazunguka. "Nilikuwa nakuona unavyorudi. Unakula huku akili iko bandani. Ulishaanza kuokota hata maboksi, Mama Zeno. Nikaona nyasi tunazo, tunazifukia chini, na mke wangu anahangaika."

Kama angesema jingine lolote, Eustakia angekuwa na pa kuanzia hasira. Alimuuliza kwa upole kama amefikiria mvua. Bosko akasema ni mwaka mmoja tu, na kwamba si majivu yatarudishwa shambani? Nguvu ya nyasi si iko kwenye majivu?

"Ingekuwa Mlaji anakula nyasi tupu, ningekubeba mgongoni mimi mwenyewe na majivu yako mpaka shambani," Eustakia akasema. "Lakini anakula na makaa. Majivu ya makaa yana sumu yake, haitakiwi kwenye chakula. Ukishavichanganya tumboni mwake huwezi kuvichambua. Yale yanaenda kuwa matofali, basi. Nyasi ikiingia kwa Mlaji hairudi."

Bosko akasema maneno ambayo Eustakia alikuwa ameshajiambia njiani, akatamani asiyasikie kwa mtu mwingine: kwamba wakiacha nyasi chini, makaa yanarudi nusu, mkaguzi anakuja, na Mlaji anaondoka. Zahanati inakosa friji. Kahawa inaoza kwa ukungu. Mama anarudi kwenye mafiga. Je, hayo ndiyo anayoyataka?

Hakuyataka. Na hapa ndipo mpishi wetu alipofanya jambo ambalo halikumfaa: alinyamaza. Siku zikapita, mizigo ikashuka, Mlaji akala. Wanawake walimsimamisha njiani kumshukuru, na mmoja alimletea papai. Makaa yalibaki theluthi, taa zikawaka vizuri kuliko zamani, mseto ukawa mtamu, gesi safi. Kila asubuhi Mlaji alisema hazijachanua, na kila asubuhi Eustakia alipunguza sauti yake kidogo, mpaka ikawa ni mnong'ono tu ambao ungeweza kujifanya hukuusikia.

Halafu mvua kubwa ikaja. Ilinyesha mchana kutwa, na jioni kipande cha shamba la Filbert Nombo, jirani yao wa juu, kikateleza. Hakikuua mtu. Kilishuka polepole tu na maharage yake yaliyokwisha chipua, kikaingia mtoni, na mto ukawa mwekundu mpaka chini kwenye daraja. Filbert alisimama kwenye mvua na kofia mkononi kama yuko msibani. Alikuwa mmoja wa waliokubali.

Eustakia alitazama mto ule kwa muda mrefu. Aliporudi bandani, alimrudishia Mlaji sauti yake yote.

3

Sengu ni mahali wanaume wa ukoo mmoja wanapokula chakula pamoja. Kila mke hupika kwake, hufunika sahani, hupeleka, huweka chini na kuondoka. Sahani zinafunuliwa zote kwa pamoja na kila mtu anakula cha kila nyumba. Watu walifikiri desturi hiyo imekufa, lakini gridi ilipozimika ikafufuka, maana shughuli za mlima zinahitaji watu wa kuzijadili. Mwanamke hakatazwi kusema kwenye sengu. Ila kwa kawaida husema kwa chakula chake: akikasirika mboga inakosa chumvi, na wote wanajua.

Jumapili hiyo Eustakia alifika wa mwisho, sahani kubwa kichwani imefunikwa kwa kitambaa cheupe. Akaiweka katikati. Hakuondoka. Wanaume wakanawa, Bosko akaomba baraka, vitambaa vikafunuliwa. Kulikuwa na ugali, kulikuwa na maharage, samaki wa kukaanga, ndizi. Na kwenye sahani ya Eustakia kulikuwa na udongo mtupu, mwekundu, umefinyangwa vizuri kama ugali.

Mtu mmoja akacheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.

"Ni wa tuta letu," Eustakia akasema. "Nimelichota zima, juu mpaka chini. Tafuteni nyasi humo. Atakayeipata, nitampikia mwaka mzima."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Filbert Nombo aliinamisha kichwa. Bosko alikuwa anamtazama mkewe, uso umemwiva kwa aibu, na Eustakia alihisi moyo ukimchoma kwa kumfanyia hivyo mbele ya ndugu zake. Lakini alikuwa ameshaanza.

Akawaambia kwamba hakuja kuwasuta, kwa sababu yeye mwenyewe alijua na akanyamaza, na papai alilopewa amelila. Akawaeleza kuhusu majivu. Akawaeleza kwamba Mamlaka inataka mabaki, na mabaki ni kile kinachobaki baada ya shamba kuchukua chake. Magunzi ni mabaki. Maganda ya kahawa ni mabaki.

"Kitu ambacho shamba bado linakitaka si mabaki," akasema. "Hizi nyasi si zangu kuzipika. Kuanzia kesho mzigo wenye nyasi ambazo hazijachanua nitaurudisha kwenye waya. Kama Mlaji ataondoka, ataondoka mikononi mwangu, na mtanilaumu mimi."

Mjadala uliofuata haukuwa wa adabu sana. Mmoja alisema bora mlima uliopungua kuliko mlima wenye giza. Mwingine akamjibu kwamba gizani angalau utapapasa upate maharage. Walibishana mpaka ugali ukapoa, na hilo kwa wanaume wale si jambo dogo. Mwishowe Bosko akasimama. Alikuwa na sauti ya chini, na wenzake walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Alisema alikosea, na alikosea kwa kumpenda mtu, lakini mto hauulizi ulikosea kwa nini. Akasema mbegu bado changa, matuta yanaweza kufunguliwa kwa uangalifu na kujazwa. Fuko hawataweza, watakata miche. Itabidi iwe kwa mikono.

Kisha akaivuta ile sahani ya udongo, akaiweka mbele yake, akaendelea kula ugali wa jirani huku imekaa pale pale. Ilikuwa namna yake ya kuomba msamaha, na Eustakia aliielewa.

Wiki iliyofuata Ngalundu ilionekana kama miaka ya zamani. Wanaume walipanga nyasi, wanawake wakafukia, migongo ikauma, watu wakacheka, wakaimba nyimbo ambazo nusu ya maneno yake walikuwa wameyasahau. Fuko waliegeshwa pembeni kama wageni wasiojua kucheza ngoma.

4

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, Injinia Lusajo Mwaipopo, mtulivu, mwenye buti zilizochakaa kwa kupanda milima ya watu. Aliposimama bandani, Mlaji akamtajia chakula cha siku, na kioo kikaonyesha makaa karibu nusu. Injinia aliandika. Eustakia alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, yakamtoka machache tu: kwamba nyasi zipo, wangeweza kumpa theluthi leo hii, lakini zimelala chini ya matuta na hazitatoka. Akampeleka akaone. Alimwonyesha jeraha la shamba la Filbert, kisha akamkanyagisha tuta lililojazwa upya.

Injinia alikanyaga, akakanyaga tena, akatabasamu kidogo kama mtoto aliyekuta kitanda cha spring. Halafu akakaa juu ya jiwe.

"Mama, Kanuni siwezi kuipinda," akasema. "Lakini isome vizuri. Haisemi mtambo utakula kiasi gani. Inasema katika unachokula, makaa yasizidi theluthi. Mabaki yenu halali yangetosha kabisa kwa tumbo dogo."

Eustakia akamwambia alishalifikiria hilo. Mlaji hawezi kula kidogo. Moto ukishuka tumbo linapoa, lami inapanda na kuziba mabomba yote. Injinia akakubali kwamba ni kweli, moto haushushwi. Ila huko Ludewa aliona mtambo kama huu ukila kwa moto kamili asubuhi na jioni, na katikati ukifunikwa kwa majivu yake, hewa ikafungwa, ukalala ukiwa hai. Ungeweza kuuamsha bila kuongeza makaa.

"Kama kaa la moto la jikoni," Eustakia akasema taratibu. "Unalifukia, asubuhi unalipuliza."

"Hivyo hivyo. Lakini katikati ya mchana hamtakuwa na kitu. Gesi kidogo ya friji za zahanati, basi. Na joto la ziada halitakuwepo. Mtachagua wenyewe cha kuacha."

Kijiji kilichagua kwa siku moja, kwa kelele nyingi. Viti vya waya vitapita asubuhi na jioni tu. Kahawa itakaushwa kwa zamu. Na bomba la maji ya moto litafungwa, kwa sababu ndilo lililokula joto jingi zaidi.

Koki kuu ya bomba ilikuwa kazi ya mpishi. Eustakia angeweza kuifunga bandani na kurudi zake nyumbani, lakini alikwenda kwanza kwa mama mkwe wake. Alimkuta kibarazani, beseni mbele yake, mvuke unapanda. Akapiga magoti, akamweleza.

Bibi Kandida alimsikiliza mpaka mwisho. Alitazama beseni, akatazama mlima, ambao kutoka pale ulionekana wote, mashimo yake yakimetameta maji. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

"Nilijua utakuja mwenyewe," akasema. "Hungetuma mtu. Nenda kafunge. Ila maji yangu yachemshwe, sijasema nimeyasamehe. Na asiyachemshe mwingine ila huyo aliyeanza mambo ya kuiba nyasi."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila alasiri, saa ambazo Mlaji amelala chini ya majivu yake, Bosko Kinunda, kiongozi wa wapanga nyasi, alionekana akipanda njia ya kwa mama yake na sufuria la maji aliyoyachemsha kwa kuni kichwani, kata ya kanga chini yake kama bibi harusi. Watu walimtania bila huruma. Walimuuliza uke wenza unaendeleaje. Yeye aliwajibu kwamba mwenzake siku hizi analala mchana, basi kazi zote za nyumbani zimemwangukia yeye, na aliendelea kupanda bila kumwaga hata tone.

Mvua kubwa ya mwisho ilipiga muda mfupi baada ya Pasaka. Ilinyesha kwa hasira kuliko ile iliyokula shamba la Filbert. Kulipokucha Eustakia alipita shambani kabla ya kwenda kazini. Mashimo yalikuwa yamejaa pomoni, maharage yamenyanyua vichwa, na mto chini ulikuwa wa rangi ya maji. Akakanyaga tuta. Likamsukuma. Akakanyaga tena bila sababu yoyote, kwa raha tu, kisha akakimbilia bandani maana alikuwa amechelewa.

Alifagia majivu, akafungua hewa, akaupuliza moto ukaamka. Akamimina magunzi, akamimina maganda ya kahawa, na makaa kidogo juu yake.

"Magunzi," Mlaji akasema kwa sauti ya usingizi. "Maganda. Makaa, theluthi." Ulimi ukapita tena, ukitafuta. "Nyasi hakuna."

"Zipo," Eustakia akamjibu, akifunga aproni. "Ila si zako. Kula."